Dakika za Wapita Njia

Ajali ikitokea kwenye barabara kuu, iwe Chalinze, Mto wa Mbu au Salgaa, watu hufika kabla vumbi halijatulia. Muuza mahindi anaacha jiko lake, bodaboda wanazima pikipiki, kina mama wanafungua khanga zao. Baada ya muda mfupi majeruhi amezungukwa, na karibu kila mdomo una neno lile lile: mkimbizeni hospitali! Anashikwa mikono na miguu, anabebwa mzobemzobe, anaingizwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kwanza lililokubali kusimama. Gari linaondoka likipiga honi. Pale alipokuwa amelala pamebaki dimbwi la damu.

Dimbwi hilo ndilo shabaha ya sura hii. Huruma ya wale watu ni ya kweli, na haraka yao ina sababu, kwa kuwa hospitali ndiko kwenye upasuaji, damu ya kuongezewa na mashine ya kupumulia. Lakini aliyekatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa katika dakika chache, na hospitali iko mbali kuliko dakika hizo. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Hakuna dereva, hata awe hodari namna gani, anayeweza kushindana na hesabu hiyo kwa kukanyaga mafuta. Kinachoweza kushindana nayo ni mikono iliyo karibu, na mikono hiyo mara nyingi si ya daktari. Ni ya muuza mahindi.

Tuanze na damu yenyewe. Mtu mzima wa kawaida ana damu lita tano hivi, ujazo wa kidumu kimoja cha mafuta ya kula. Akipoteza robo tatu ya lita, mwili wake unavumilia bila kuonyesha mengi. Akifikia lita moja na nusu, moyo unakwenda mbio, ngozi inakuwa baridi na yenye jasho, midomo inapauka, naye anaanza kuhangaika au kusema mambo yasiyoeleweka. Akifikia lita mbili, yuko mlangoni pa kifo. Mtoto wa kilo 20 ana damu yote isiyozidi sana lita moja na nusu, kwa hiyo damu ambayo mtu mzima angeimudu inaweza kumwua yeye. Kuna jambo jingine linalowapotosha watu wengi: kijana mwenye afya huweza kuficha hali yake. Mishipa yake hujikaza, anajibu maswali, anauliza simu yake ilipo, kisha anaporomoka ghafla. Mtu anayeongea bado anaweza kuwa anakufa. Usimwache kwa sababu amesema hajambo.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuitafuta damu. Haitafutwi kwa macho peke yake, maana jinzi nyeusi, koti la mvua la bodaboda na giza la saa mbili usiku vyote huificha. Pitisha mkono chini ya mgongo, chini ya mapaja, kwapani na kinenani, kisha uutazame mkono wako. Kata au chana nguo mpaka ulione jeraha lenyewe. Aibu ya kumvua mtu suruali mbele ya watu ni halisi katika jamii zetu, na inatibika kwa watu wawili kushika khanga iwe pazia. Usiliache jeraha bila kuonwa kwa ajili ya aibu.

Ukilipata, likandamize. Nalitumia neno hili kwa makusudi, kwa kuwa watu wengi hufunika jeraha wakadhani wamelizuia. Kitambaa kilichowekwa juu ya jeraha kinafyonza damu tu, wala hakiizuii. Kinachoizuia ni mgandamizo unaoufinya mshipa mpaka ukutane na mfupa ulio chini yake. Piga magoti, weka kitambaa safi kuliko vyote vilivyopo, kiganja kimoja juu ya kingine, viwiko vimenyooka, ukaegemeze uzito wa mwili wako wote hapo. Majeruhi atalia kwa maumivu. Mwambie unajua anaumia, mwambie ndivyo inavyookoa, na usilegeze. Kaa hivyo dakika kumi kamili kwa kutazama saa, bila kuchungulia, kwa sababu kila unapoinua mkono uone kama damu imeacha, unang'oa bonge la damu lililokuwa linajijenga, na kazi inaanza upya.

Jeraha likiwa na shimo, kama la risasi, kisu au nondo iliyokwisha kutoka, kukandamiza juu yake hakutoshi. Mshipa uliokatika uko ndani. Chukua kitambaa kirefu, ukisokomeze kwa kidole ndani ya shimo hadi chini kabisa, kipande baada ya kipande, mpaka shimo lijae na kitambaa kisiingie tena. Kisha kandamiza juu yake kwa nguvu ile ile. Hapa ndipo wengi hurudi nyuma, kwa kuwa kutia kidole ndani ya nyama ya mtu aliye hai kunaogofya. Lakini kinenani na kwapani, mahali ambapo hakuna kamba inayoweza kufungwa, hii ndiyo njia iliyobaki. Kitambaa hakihitaji kuwa cha hospitali. Uchafu wake utashughulikiwa na madaktari kwa dawa baadaye. Damu iliyomwagika barabarani haizoleki. Lakini usisokomeze chochote katika jeraha la kifua au la tumbo. Jeraha la kifua linaloingiza hewa liache wazi, usilizibe kwa nailoni, maana hewa ikinaswa ndani italibana pafu na moyo. Utumbo uliotoka nje usiurudishe. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji safi.

Kuna majeraha ya mkono na mguu ambayo hata uzito wa mtu mzima hauyamalizi: damu inaruka kwa mapigo, au kiungo kimekatika kabisa. Hapo inahitajika turniketi, yaani ukanda unaofungwa kukizunguka kiungo na kukazwa mpaka damu ikome kushuka. Kifaa hiki kina historia ya kupanda na kushuka. Mwaka 1718 daktari Mfaransa Jean-Louis Petit alitengeneza turniketi ya skrubu, na kwa karne mbili ikawa rafiki wa wapasuaji. Baada ya vita vikuu vya dunia madaktari wengi wakaiogopa, kwa kuwa majeruhi waliokaa nayo saa nyingi walipoteza viungo. Vitabu vya huduma ya kwanza vikaiandika kama jambo la mwisho kabisa, na walimu wengi wa skauti na Msalaba Mwekundu wakafundisha hivyo. Ndiyo maana leo ukimwuliza mtu mzima aliyepata mafunzo zamani, atakukataza.

Vita vya Iraq vilibadilisha hukumu hiyo. Mwaka 2006 madaktari wa jeshi la Marekani katika hospitali moja ya Baghdad waliwafuatilia majeruhi waliofungwa turniketi. Waliofungwa kabla mwili haujaingia katika mshtuko wa kupungukiwa damu, 90 kati ya kila 100 walipona. Waliofungwa baada ya mshtuko kuanza, walipona 10 tu kati ya 100. Ukanda ni ule ule. Kilichotofautiana ni wakati. Tangu hapo inafundishwa kwamba turniketi iliyokazwa vizuri kwa chini ya saa mbili ni nadra kuleta madhara ya kudumu, na kwamba kuichelewesha ndiko kunakoua.

Porini au barabarani hakuna turniketi ya kiwandani, ila kuna kitenge, mtandio, mkanda mpana wa begi. Kunja kitambaa kiwe na upana wa vidole vitatu, usitumie waya, kamba ya manila wala kamba ya kiatu, kwa kuwa vitu vyembamba hukata nyama na kuuacha mshipa wa ndani ukiendelea kumwaga. Kizungushe juu ya jeraha upande wa moyoni, umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka kwenye jeraha, usiweke juu ya goti wala kiwiko. Funga fundo, laza kijiti kigumu au spana juu yake, funga fundo jingine, kisha zungusha kijiti mpaka damu ikome kabisa. Ukiikaza nusunusu umemdhuru zaidi, kwa sababu damu itaendelea kushuka kwa mishipa ya ndani na kushindwa kurudi kwa mishipa ya juu, na jeraha litatoka damu kuliko mwanzo. Kifunge kijiti kisirudi nyuma. Andika saa kwenye paji la uso au mkononi mwa majeruhi kwa kalamu, hata kwa rangi ya mdomo. Kisha usiilegeze njiani ili "kumpumzisha". Itafunguliwa na daktari.

Damu ikiwa imeshikwa, pumzi inafuata, na kama mko wawili mambo haya mawili yaende pamoja. Majeruhi aliyezimia akilazwa chali, ulimi wake hulegea ukaziba koo, na damu ya puani au matapishi huingia mapafuni. Baadhi ya wanaokutwa wamekufa barabarani bila jeraha kubwa la kuonekana wamekufa namna hii, kimya, huku watu wakiwatazama. Inua kidevu, fungua mdomo, toa unachokiona, sikiliza pumzi kwa sekunde kumi. Anapumua? Mgeuze ubavu, kichwa na kiwiliwili vikienda pamoja kama kitu kimoja, mdomo uelekee chini ili damu itoke nje. Watu huuliza: vipi kuhusu shingo, si wanasema asiguswe? Ni kweli shingo iliyovunjika inaweza kumletea ulemavu, na ndiyo sababu mmoja anashika kichwa kisipinde wakati wengine wanageuza. Lakini kati ya shingo na pumzi, pumzi inatangulia. Kofia ngumu ya pikipiki iache kama anapumua vizuri. Kama inaziba njia ya hewa, itolewe na watu wawili, mmoja akiishikilia shingo kutoka chini, mwingine akiivuta kofia polepole.

Yale ya kutofanya nayaeleza kwa ufupi. Usimpe maji wala soda, hata akiomba kwa machozi. Kiu ni dalili ya kupungukiwa damu, na tumbo lililojaa litamletea matatizo akipewa dawa ya usingizi. Lowesha midomo yake tu. Usitie kahawa, chumvi, ugoro, mafuta ya taa wala unga kwenye jeraha. Nondo au kisu kilichokwama mwilini kiache hapo hapo, kifungie vitambaa pande zote kisiyumbe, kwa kuwa mara nyingi chenyewe ndicho kinachoziba mshipa kilioukata. Aliyeungua mwagie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, na usipake dawa ya meno. Na mfunike. Hili husahaulika katika nchi za joto. Mtu aliyepoteza damu hupoa hata saa sita mchana Dar es Salaam, na damu iliyopoa haigandi vizuri, hivyo baridi inamrudishia majeruhi hatari ile ile uliyoizuia kwa mikono. Khanga mbili juu yake, na kitu chochote kati yake na lami.

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Taifa zima lililia, na kila mwaka jina la shule ile likitajwa, watu hukumbuka majeneza yaliyopangwa uwanjani. Watoto watatu walitoka hai. Miongoni mwa waliofika mapema kwenye ajali walikuwa watu wa kujitolea wa shirika la Kimarekani la STEMM, ambao gari lao lilikuwa likipita njia hiyo. Waliteremka, wakawahudumia wale watatu kabla hawajapelekwa hospitali. Baadaye watoto hao walisafirishwa kwa ndege hadi Sioux City, jimbo la Iowa, wakatibiwa mifupa iliyovunjika, na miezi michache baadaye wakarudi Tanzania. Siwezi kuisoma habari ile bila kufikiri kuhusu wale wapita njia. Ndege na hospitali ya Iowa vilikuja siku kadhaa baadaye. Siku ile, korongoni, kilichokuwepo ni watu wanaojua kutofautisha aliyekufa na anayekaribia kufa.

Ujuzi huo si wa Wamarekani wala wa wenye shahada. Nchini Ghana, watafiti waliwafundisha madereva 335 wa magari ya biashara huduma ya kwanza kwa muda wa saa sita tu, na walipowafuata baadaye walikuta zaidi ya nusu ya waliohojiwa wameshaitumia kwa majeruhi halisi. Kampala nako walifundishwa watu 307 wa kawaida: polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa. Mantiki yake iko wazi kwa yeyote anayeishi Afrika Mashariki. Magari ya wagonjwa ni machache, na anayefika kwanza ni konda, dereva wa lori, bodaboda wa kijiweni. Naamini kwa dhati kwamba hakuna leseni ya udereva wa abiria inayopaswa kutolewa kwa mtu asiyejua kukandamiza jeraha. Tunawadai wajue alama za barabarani, na tunafanya vyema. Kwa nini tusiwadai na hili?

Mafunzo ya namna hii kwa raia yalianza kwa mtu mmoja wa ajabu. Mwaka 1878, daktari wa jeshi la Uingereza, Peter Shepherd, alifundisha wakazi wa Woolwich, karibu na London, kuwahudumia majeruhi, pamoja na mwenzake Francis Duncan. Wakati ule lilikuwa wazo geni kwamba fundi au mama wa nyumbani anaweza kufundishwa kazi iliyokuwa ya askari na madaktari. Muda si mrefu baadaye Shepherd alipelekwa vitani Afrika Kusini, na tarehe 22 Januari 1879, pale Isandlwana, Wazulu waliposhinda jeshi la wavamizi, aliuawa akiwa anamhudumia majeruhi. Mafunzo yake yalibaki, yakaenea dunia nzima kupitia St John Ambulance, ambayo hata Kenya ina tawi lake la miaka mingi.

Kifo cha Shepherd kinaleta swali la usalama wa anayesaidia. Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, wengine kuchota petroli, na moto ukalipuka. Walikufa watu wapatao 100. Petroli inaponuka, kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu, kukataza sigara na kuwasha pikipiki, na kuwaita Zimamoto, kwa Tanzania namba 114. Barabarani kwenyewe, mtu mmoja atumwe nyuma kabisa, mita mia au zaidi, na mwingine mbele, kuwasimamisha madereva, maana lori la pili huja kuwaua waliokuja kusaidia ajali ya kwanza. Mikono ivishwe glavu zikiwepo, zisipokuwepo hata mfuko wowote wa plastiki.

Kuna woga mwingine usio wa damu. Tanzania majeruhi hutakiwa fomu ya polisi namba 3, PF3, na wengi wameamini kwamba bila fomu hiyo hospitali itamkataa, au kwamba aliyemleta majeruhi atawekwa ndani kama mtuhumiwa. Kwa hiyo wanaangalia, wanapiga picha, wanasubiri askari. Viongozi wa afya wametamka mara nyingi kwamba dharura inatibiwa kwanza na fomu inafuata. Kenya imeliandika hili ndani ya Katiba yake ya 2010, ibara ya 43: hakuna anayeruhusiwa kunyimwa matibabu ya dharura. Ningependa kila nchi yetu iandike na jambo la pili, kwamba anayesaidia kwa nia njema analindwa na sheria, na askari wa barabarani wawe wa kwanza kulitangaza vijiweni.

Sasa gari limefika. Majeruhi abebwe kwa ubao, mlango au blanketi lililoshikwa na watu wanne hadi sita, na alazwe. Pikapu yenye nafasi ya kumlaza ni bora kuliko gari dogo la kifahari ambamo atakunjwa. Anayekandamiza jeraha anapanda naye na anaendelea kukandamiza njia nzima; mwingine apige simu hospitalini kusema wanakuja. Mwendo uwe wa kumfikisha, si wa kuongeza majeruhi wengine. Na pale mapokezi kuna maneno machache yanayofaa kuliko maelezo marefu ya ajali: ameumia saa ngapi, damu ilitoka wapi na kwa kiasi gani, turniketi ilifungwa saa ngapi, alizimia au hakuzimia. Saa ya ajali ina uzito wa pekee. Ipo dawa ya asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, ikachapishwa mwaka 1962. Mwaka 2010, utafiti uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 ulithibitisha kwamba inapunguza vifo vya kutokwa na damu. Dawa yenyewe ni ya bei nafuu, lakini inafaa ikianza kutolewa ndani ya saa tatu tangu kuumia, na ikichelewa zaidi ya hapo inaweza kudhuru. Daktari asiyejua saa ya ajali hawezi kuipima hesabu hiyo.

Usiondoe mkono wako mpaka muuguzi ameweka wake. Kisha nenda ukanawe kwa sabuni na maji mengi. Kama damu iliingia machoni, mdomoni au kwenye mchubuko wako, usione haya kumweleza muuguzi hapo hapo. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazoanza kutumika mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na kuendelea kwa siku 28. Uliza pia kuhusu homa ya ini.